Hodi Isiyoitikiwa: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Ukaribu na Mwenzi Wako

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine wowote unafanana na huu: "Dada, tulikaa tukaongea kama ulivyotushauri. Dakika ya kumi tulikuwa tunapigiana kelele, na usiku tukalala mzungu wa nne." Kwa asiyeujua, mzungu wa nne ni kulala kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Kitanda kimoja, wapangaji wawili.

Kosa lilikuwa langu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia watu "kaeni muongee", na wengi mkaanzia hapo hapo. Kumbe kukaa na kuongea ni hatua ya tano. Mkikaa kabla ya zile nne za mwanzo, kikao kinageuka mahakama, na mahakamani hakuna anayetoka akimpenda mwenzake zaidi.

Kwa hiyo sasa naziweka zote kwa mpangilio, kila moja na sababu yake, mtego wake, na dalili za kwamba imekubali.

## Unachohitaji

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Liwe lako peke yako.
- Saa yenye sekunde. Ya simu inatosha.
- Wiki nne za kawaida. Usianze wiki ya msiba, wiki ya ada, wala mama mkwe akiwa amekuja kukaa.
- Mahali pa kukaa wawili nje ya chumba cha kulala: kibarazani watoto wakishalala, uani, hata ndani ya gari lililoegeshwa.
- Neno moja la kusimamisha ugomvi. Mtalichagua kwenye hatua ya nne.

Huhitaji idhini ya mwenzako ili uanze. Hatua tatu za mwanzo unaweza kuzifanya peke yako bila yeye kujua.

Onyo kabla ya yote. Mwongozo huu haufai kwa nyumba yenye kipigo, vitisho, au mtu anayekunyang'anya simu na hela ili usitoke. Huko tatizo ni usalama, na upole wako hautalitibu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iseme inavyosema. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa ndugu unayemwamini. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1195 bila malipo.

## Hatua ya 1: Hesabu hodi kwa siku saba

Mgeni mwenye adabu haingii uani kwa watu hivi hivi. Anasimama mlangoni, anaita hodi. Akisikia "karibu" anavua viatu. Akisikia kimya anaita tena, kisha mara ya tatu, halafu anageuza. Hagombi na mtu. Ila safari nyingine atafikiri mara mbili kabla ya kuja.

Mwenzi wako anapiga hodi kutwa nzima. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaweka maharusi kwenye fleti yenye kamera katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, akatazama wanavyojibizana katika mambo madogo ya siku. Alipowafuatilia miaka sita baadaye, waliokuwa bado pamoja ndio waliokuwa wakiitikia wenzao mara 86 katika kila 100. Walioachana walikuwa wakiitikia mara 33. Kilichowatenganisha hakikuwa safari za ufukweni wala zawadi. Ni nani aliyeinua macho alipoitwa.

Sasa tuione jikoni. Jioni, mke anamenya vitunguu. Mume yuko kwenye kiti, simu mkononi.

"Yule muuza nyanya wa kona kanipunja tena leo."

Ukisikiliza kwa haraka, hiyo ni habari ya nyanya. Ukisikiliza vizuri, ni hodi. Majibu yako matatu.

Karibu: simu inashuka. "Tena? Kakufanyaje safari hii?"

Kimya: "Mmh." Macho hayakutoka kwenye kioo.

Kufukuza: "Si nilikwambia usinunue kwake? Wewe husikii."

Kazi yako ya wiki nzima ni kuandika. Chora safu tatu: saa, alichosema au kufanya, na wewe ulijibuje. Weka K kwa karibu, M kwa kimya, F kwa kufukuza. Andika majibu yako tu, ya kwake yaache. Sababu ni kwamba ukianza kuandika ya kwake, kufikia Jumatano utakuwa na faili la ushahidi, na mtu mwenye faili hutafuta hakimu.

Hodi si za mdomo tu. Kuna kuguna kwa nguvu akiwa mlangoni ili uulize "vipi?". Kuna kukupigia saa sita mchana akiwa hana la maana la kusema. Kuna "umekula?", kuna kukunyooshea simu uone video, kuna mguu unaogusa wako chini ya meza. Pwani tuna na kanga. Shangazi yangu, Tanga, alikuwa hasemi; alikuwa anavaa. Nakumbuka wiki aliyofua na kuvaa tena na tena ile yenye "Japo sipati tamaa sikati" mpaka mjomba alipoacha bao siku ya tatu akarudi nyumbani mapema, akiwa na samaki. Hodi ile ilichukua siku tatu kuitikiwa, lakini iliitikiwa.

Na malalamiko? Mengi ni hodi iliyochoka. "Siku hizi huna habari na mimi" iliwahi kuwa "njoo uone mwezi ulivyo", zamani, kabla haijarudia mara ya tatu.

Mtego: usibadilishe chochote wiki hii, na usimwambie. Mimi nilishindwa siku ya tatu. Nilimwambia mume wangu kwa furaha kabisa, "Unajua leo umepiga hodi kumi na moja?" Akaniangalia. "Kwa hiyo umekuwa karani wa sensa?" Siku mbili zilizofuata hakusema kitu mbele yangu bila kwanza kulitafuta daftari kwa macho. Ilibidi nianze upya.

Utajua imekubali pale utakapoanza kuzisikia hodi bila kujitahidi, kwa kawaida siku ya nne au ya tano. Idadi si muhimu. Wapo wanaotetemeka kidogo wakihesabu zile M zao. Kutetemeka kunaruhusiwa.

## Hatua ya 2: Itikia, kwa mwili kabla ya mdomo

Wiki ya pili unaanza kujibu. Mpangilio ni huu: geuza uso, laza simu kifudifudi, kisha uliza swali moja linalotokana na alichokisema. Basi.

Uso unatangulia kwa sababu mtu hupima kama amepokelewa kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. "Nakusikiliza" inayotoka kwa mtu anayetazama kioo cha simu inahesabika kuwa kimya. Hakuna anayedanganyika.

Kisha zuia ushauri. Hapa wanaume wananiandikia kwa hasira: "Sasa ananiambia tatizo ili iweje kama hataki nilitatue?" Ili usikie, kaka. Sikia kwanza, ufundi baadaye, na ufundi uje pale atakapouomba.

Habari njema zinahitaji uangalifu hata kuliko mbaya. Shelly Gable na wenzake walichapisha mwaka 2004 tafiti zilizoonyesha kwamba namna mtu anavyopokea furaha ya mwenziwe inakwenda sambamba na jinsi wawili hao wanavyoridhika na uhusiano wao. Mkeo anarudi anang'aa: "Wamenichagua mweka hazina wa kikoba!" Ukisema "Hela za watu utaziweza?", umemwaga maji kwenye moto uliokuwa unaota naye. Ukisema "Hongera" halafu ukaendelea kula, moto umezimika polepole, lakini umezimika. Jaribu: "Makubwa! Ilikuwaje, walipiga kura?" Halafu mwache asimulie mpaka achoke.

Ukiwa umebanwa kweli, sema: "Nimesikia. Nimalize hii meseji, dakika mbili." Kisha rudi. Ahadi ya dakika mbili isiyotimizwa ni mbaya kuliko kimya, maana kimya hakikuahidi kitu.

Mtego: atakushuku. Mume aliyekuwa "mmh" kwa miaka sita akianza kuuliza maswali, mke hujiuliza ana nini anachoficha. "Leo una nini? Umefanya nini huko?" Ukijibiwa hivyo, usikasirike, usijieleze sana. Endelea tu. Mlango uliokaa umefungwa muda mrefu lazima ulie ukifunguliwa.

Utajua imekubali hodi zikiongezeka, na hasa zikiwa za kijinga zaidi. Mtu anayekuita uje kuona mbuzi aliyepandishwa kwenye bajaji ameshaanza kuamini kwamba utakuja.

## Hatua ya 3: Jua nani anakimbia na nani anakimbiza

Hatua hii ni ya kutazama na kufikiri, na ndiyo inayorukwa zaidi. Usiiruke.

Kila mtu ana namna yake ya kuhangaika anapohisi mwenziwe anamponyoka. Aliyeanza kuiona hali hiyo kwa macho, nyumba kwa nyumba, aliionea hapa hapa kwetu: Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, miaka ya 1954 na 1955, kwenye vijiji vya karibu na Kampala. Alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga, akakaa na kina mama, akatazama mtoto anafanyaje mama akiondoka na anampokea vipi akirudi. Wapo watoto waliokuwa wakimtumia mama kama kituo: wanatambaa mbali, wanachezea kitu, wanarudi kumgusa, wanaondoka tena. Wapo waliolia sana hata mama akiwa karibu. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaonyesha kwamba sura hizo hizo zinaonekana kwenye mapenzi ya watu wazima.

Kwa mtu mzima utaziona hivi.

Anayekimbiza. Simu isipopokelewa mara moja, anapiga mara tisa. Anauliza "unanipenda?" na jibu halikai hata nusu siku. Ugomvi lazima umalizike usiku huu huu, hata kama ni saa nane. Anapandisha sauti kwa sababu anaamini sauti ndogo haifiki.

Anayekimbia. Ugomvi ukianza anakumbuka kwamba kuna kitu kinahitajika dukani. Anajibu "sawa" na "poa". Anashinda kijiweni, au anahamia sebuleni na rimoti. Ukimuuliza kama kuna tatizo, hakuna tatizo. Wengi humwona ana moyo wa jiwe. Gottman na Robert Levenson, waliowafunga wanandoa vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakati wakibishana, waliona mara nyingi kinyume: anayekaa kimya kama ukuta ndani ya kifua moyo unamwenda mbio.

Na hapa ndipo nyumba nyingi zinapozama. Anayekimbiza akiona mgongo, anaongeza mwendo. Anayekimbia akisikia vishindo, naye anaongeza. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeanza, na wote wawili wanasema kweli.

Andika kwenye daftari, kwa sentensi tatu tu: *Nikiogopa kumpoteza, mimi hufanya ____. Yeye akiogopa, hufanya ____. Mimi nikifanya hivyo, yeye hufanya ____.* Ukimaliza, soma ile ya tatu mara mbili.

Mtego: usimpachike jina. "Wewe ni mkimbiaji, nimesoma" ni tusi hata kama umelisoma. Na tabia hizi si kabila. Mtu huyo huyo anaweza kumkimbiza mke na kumkimbia mama yake. Hubadilika pia, mtu akikaa na anayemwitikia.

Utajua imekubali siku utakayoiona ile simu ya tisa ikiita na ukasema moyoni "huyu anaogopa" kabla ya "huyu ananichunga". Huna haja ya kuifurahia simu ya tisa.

## Hatua ya 4: Neno la kusimamisha na dakika ishirini

Kuanzia hapa unamhitaji mwenzako. Mwambie wakati wa amani, si katikati ya moto: "Tukigombana huwa tunasema vitu ambavyo hatuvitaki. Tutafute neno moja la kusimama." Lisiwe zito. Rafiki zangu wawili wanatumia "kituo", kama kwenye daladala, na mara nyingine mmoja wao anajibu "shusha!" na ugomvi unakufa hapo. Ninyi tafuteni lenu.

Sababu ya neno hilo iko mwilini. Mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika ukiwa umeketi tu, masikio yanabaki wazi lakini kusikia kunapungua. Unasikia shambulio hata pasipo na shambulio. Ucheshi unakwisha, huruma inakwisha.

Namna ya kupima: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 25, umefika 100. Simama.

Anayetaja neno lazima ataje na saa ya kurudi. "Kituo. Narudi saa mbili na nusu." Bila saa, kwa anayekimbiza hiyo ni kuachwa, na atakufuata mpaka bafuni. Muda usipungue dakika 20, kwa kuwa mwili unahitaji karibu muda huo kutulia; usivuke siku.

Ndani ya dakika hizo fanya kitu kisichohusiana na ugomvi. Kuna safari watafiti wale wa Seattle waliwasimamisha wanandoa katikati ya mabishano kwa kisingizio cha kurekebisha vifaa, wakawapa magazeti wasome kama nusu saa bila kuongelea jambo lao. Waliporudi, mioyo ilikuwa imeshuka na mazungumzo yakawa ya watu wengine kabisa. Kwa hiyo osha vyombo, mwagilia maua, swali, kunja nguo. Usikae kupanga utakachomjibu, na usimpigie dada yako kumsimulia. Vyote viwili vinachochea mkaa.

Utajua imekubali mkishaweza kurudi kwa saa mliyotaja mara tatu mfululizo. Hata kama mkirudi mmenuna.

## Hatua ya 5: Kikao

Sasa kaeni. Jambo moja. Dakika 20. Mmekula. Kabla ya saa nne usiku. Kibarazani, si kitandani. Kitanda kikishazoea kusikiliza kesi, mtu akikiona tu anajisikia mshitakiwa.

Sentensi ya kwanza ndiyo yenye kazi yote. Mwaka 1999 Sybil Carrère na Gottman walionyesha, kwa kuwatazama maharusi jozi 124, kwamba dakika tatu za mwanzo za mabishano zinatosha kutoa picha ya nani ataelekea kuachana miaka ya mbele. Mnavyoanza ndivyo mnavyomaliza.

Sentensi hiyo ina vipande vitatu: tukio moja lenye tarehe, ulivyojisikia, unachoomba.

Vibaya: "Wewe kila siku unachelewa, nyumba hii umeifanya gesti."

Vizuri: "Juzi ulivyorudi saa sita usiku bila kupiga, niliogopa, baadaye nikakasirika. Naomba ukivuka saa tatu unitumie hata neno moja."

Tazama kilichotokea. "Kila siku" imekuwa "juzi", na juzi haiwezi kubishiwa. Hasira imebaki, lakini woga uliokuwa chini yake umetangulia. Na mwishoni kuna kitu anachoweza kukifanya kesho. Kwenye "gesti" hakuna cha kufanya ila kujitetea.

Maneno ya kuacha mlangoni pamoja na viatu: "kila siku", "hujawahi", "ndiyo maana", na "kama mama yako". Hilo la mwisho sijaona nyumba lililoifaa.

Anayesikiliza ana kazi moja kabla ya kujibu: kurudisha alichosikia. "Kwa hiyo juzi uliogopa kwamba nimepata ajali, halafu ukaona sikujali. Ndivyo?" Asubiri "ndivyo". Akisikia "siyo", arudie. Mtajisikia kama watoto wa darasa la kwanza. Vumilieni, baada ya vikao vitatu vinne inakuwa kawaida.

Kuna sumu moja ambayo siiwekei dawa, nasema tu ikatazwe: dharau. Katika tabia zote alizozihesabu Gottman, hii ndiyo iliyotabiri talaka kwa nguvu kuliko nyingine. Kwa Kiswahili tunaijua sura yake. Ni msonyo. Ni mdomo uliobinuliwa pembeni. Ni kucheka puani mwenzako akiwa anaongea. Ni "Baba Asha" kugeuka ghafla "we mwanaume", au mke kuitwa kwa jina lake lote la cheti. Ukisonya, kikao kimekwisha. Omba radhi kwa msonyo kwanza, mkirudi mrudi siku nyingine.

Na msitegemee kumaliza. Gottman anakadiria asilimia 69 ya mambo wanayogombania wanandoa hayaishi kabisa: mmoja mtunzaji wa hela, mwenziwe mkono wazi, mmoja anataka ndugu wakae, mwingine anataka faragha. Waliodumu nao wanayo. Wanayajadili tu kama watu wanaojadili mvua.

Utajua imekubali mtu akisema katikati: "Ngoja, hapo nimesema vibaya, naanza upya." Ukiisikia hiyo, usiipite. Ni hodi kubwa kuliko zote, na jibu lake ni karibu.

## Hatua ya 6: Chumbani

Hii nitaifupisha kwa sababu ikifanyika bila zile tano inakuwa mazoezi ya viungo, na zile tano zikifanyika vizuri, nusu yake inakuja yenyewe.

Anzeni na mguso usiodai. Wiki nzima: mkono mgongoni akipika, vidole kushikana mkitembea kwenda dukani, kuegemeana mkitazama taarifa ya habari, na unaishia hapo. Mwaka 2006 James Coan na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16 wenye ndoa waliolazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakijua wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme. Walioshika mkono wa mume, kengele za hatari ubongoni zilipungua. Na kadiri ndoa ilivyokuwa njema ndivyo zilivyopungua zaidi. Mkono tu.

Usiodai, kwa sababu mguso ukiwa kila mara unafuatiwa na bili, mwenzako atajifunza kuukwepa hata anapouhitaji. Wanawake wengi wananiandikia wamekoma kumkumbatia mume jikoni kwa kuogopa "itaishia wapi".

La pili: hamu haitangulii kwa kila mtu. Rosemary Basson, daktari wa Kanada, alieleza mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu inaamka *baada* ya ukaribu kuanza. Kwa hiyo "siku hizi huniwazi" si lazima iwe kweli. Huenda ni moto unaohitaji kupulizwa, na mwenzake ni wa gesi.

Onyo: hilo si ruhusa ya kulazimisha. "Leo hapana" ni jibu kamili, na namna unavyolipokea ndiyo inayoamua kama kesho kutakuwa na ndiyo. Kumnunia mtu siku mbili kwa sababu amechoka ni F kubwa kwenye daftari.

Pia nenda hospitali kabla ya kuhukumu moyo. Kisukari, baadhi ya dawa za presha, uchovu wa kunyonyesha, maumivu wakati wa tendo: haya ni ya daktari. Nimeona watu wakivunja nyumba kwa kitu ambacho kingebadilishiwa kidonge.

Utajua imekubali mkilala mmeelekea upande mmoja.

## Hatua ya 7: Hesabu tena

Siku saba za wiki ya nne, rudi kwenye daftari. Safu zile zile, majibu yako tu. Linganisha K za wiki ya kwanza na za sasa. Zikiwa zimepanda, endelea bila kuandika. Usiwe karani wa kudumu. Zikiwa pale pale, rudi hatua ya pili. Tatizo linakuwa pale mara nyingi kuliko kwenye kikao.

Kisha lichane daftari. La kwangu niliwashia mkaa.

## Mkikwama

Mkikwama hatua ya nne mara tatu, yaani neno linatajwa na mwingine haliheshimu, tafuteni mtu wa tatu: mshauri wa hospitali, kiongozi wa dini mnayemheshimu wote wawili, au mshenga wenu kama bado mnasikilizana naye. Tanzania kuna pia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa kawaida lazima lipitiwe kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani. Watu wanalikimbilia wakiwa wameshafunga mizigo, ilhali mnaweza kufika hapo mapema mkiwa bado mnataka kusuluhishwa.

Yeyote mtakayemchagua, mwambieni kabla hajaketi kwamba hamtaki kuambiwa nani mwenye makosa. Wazee wetu ni wepesi wa hukumu: wanasikiliza dakika kumi, mmoja anaambiwa "vumilia mwanangu", mwingine anaambiwa "rekebisha", soda zinanywewa, watu wanaondoka. Mwombeni afanye kitu kimoja tu: ahakikishe kila mmoja amerudisha alichosikia kwa mwenzake na kupata "ndivyo" kabla ya kujibu. Akiona kazi hiyo ni ndogo mno kwa heshima yake, tafuteni mwingine.